Usiwafiche Watakaokushuhudia

Iko siku moja, mwanangu Mwanamisi, ambayo hunirudia kila nishukapo Gazi na pua yangu ikakutana na harufu ya tope la mikokoni. Maji yalikuwa yametoka kabisa. Nilikuwa nimeshika ubao mrefu wenye alama, nimezama mpaka magotini, na mbele yangu alisimama mtu mwenye shahada kubwa kuliko zote zilizowahi kufika kijijini petu, akiambiwa maneno ambayo hakuyatarajia. Nilikuwa kijana mbichi, ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne. Leo mvi zimeanza kunitambaa kidevuni. Nimekaa Tanga, nimekaa Lamu, nimekaa Malindi, nikapanda bara nikarudi, na kila mahali nimepaacha. Siku ile peke yake ndiyo sijaihama.

Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Ulipokuja ulinipa shikamoo yako ya adabu, ukasubiri mama yako aende kutazama sufuria yake, ndipo ukanitolea simu. Chuo kikuu kimoja cha mbali kinatafuta watafiti wa sayansi na uhandisi, watu kama wewe waliokwisha maliza shahada ya uzamivu. Nafasi zilikuwa kadhaa, na moja ilikuwa ya kusafisha maji ya chumvi yanyweke, ile hasa uliyoisomea. Uso wako ulikuwa kama wa mtoto aliyeuona mwezi wa Idi kabla ya wenziwe. Nikakuuliza, "Mwalimu aliyekusimamia anasemaje?"

Ukanijibu kwa sauti ya chini, "Sijamwambia, mjomba. Nimeliandika tu jina lake. Na mama asijue. Jambo likishakuwa, watu watasikia."

Mwisho wa maombi ni Ijumaa ijayo. Mama yako akarudi na chai, nikanyamaza. Siri yako ninayo mpaka sasa, sijamtolea mtu. Ila kunyamaza kwangu mbele yako wewe kungekuwa dhuluma, basi keti, usome mpaka mwisho. Na wadogo zako nao wakija kufika ulipofika, wasomee.

Mtu niliyeanza kumtaja aliitwa Omari. Alizaliwa Jego, huko chini karibu na Vanga, akalelewa Gazi na shangazi yake, Bi Mwanasha, mjane aliyekuwa akiuza mihogo ya nazi na samaki wa kupaka barazani kwake. Omari alisoma mpaka elimu ikamwishia, wakampa udaktari wa uhandisi wa pwani. Aliporudi Gazi na vyombo vyake vya kupimia mawimbi, wazee hawakumwelewa. Mzee mmoja alimjia na goti limemvimba.

"Daktari, hebu nitazamie hili."

"Baba, miye si daktari wa watu. Ni daktari wa mawimbi."

Mzee akamtazama sana. "Na mawimbi yanaumwa nini?"

Hakungoja jibu. Alikwenda zake akichechemea, akisema dunia imekwisha, hata bahari sasa inatibiwa wakati watu wana magoti.

Kazi yenyewe ilikuwa ya namna hii unayoitafuta wewe. Wadogo zako huenda hawaijui, basi niieleze nilivyoielewa miye wa kidato cha nne. Ni kama fundi aliyekwisha hitimu, mkono wake umekubali kila kazi, lakini hana karakana yake. Anakaa katika karakana ya fundi mkubwa miaka miwili, mitatu, anafanya kazi kwa jina lake mwenyewe watu wamjue. Mkataba ukiisha anatafuta karakana nyingine, mpaka siku apate kiti cha kudumu. Omari alikuwa chini ya Profesa mmoja wa bara, mtu mpole asiyependa maneno ya kuzungukazunguka. Walitaka kujua mikoko inavunja nguvu ya wimbi kiasi gani, na ikikatwa, bahari itaingia mpaka wapi. Miye nilikuwa nashika ubao. Omari anasoma alama, ananitajia, naandika. Bamvua ikija na maji yake makubwa tunakimbia, maji mafu yasiyojaa sana tunafanya kazi kwa raha tukiimba.

Raha zile, mwanangu, sijazipata tena popote. Tukitoka topeni tunanawa miguu kisimani, halafu tunakwenda kwa Bi Mwanasha kula mihogo. Yeye hututazama miguu kabla ya nyuso. "Rudini," hutuambia, "hapo vidoleni mmeniletea nusu ya bahari."

Sasa mkataba wa Omari ukawa unakaribia kwisha. Huo ndio wakati mgumu kwa watu wa kazi hii, wewe unaujua kuliko miye. Mwisho unauona unakuja nawe huna pa kuweka mguu. Alikuwa ameposa binti wa Msambweni, na wazee wa binti walikuwa wameuliza kwa heshima, na kwa heshima hiyohiyo wakauliza tena, kama kazi yake ni ya kudumu au ni ya kupima tope tu.

Siku moja tukiwa Ukunda, kwenye duka la saiba, pale pa kulipia mtandao, akaliona tangazo. Chuo kikuu cha ng'ambo kilitaka mtafiti wa mambo ya pwani, mkataba mrefu, na baada yake mlango wa ualimu. Alilisoma mara nyingi mpaka mwenye duka akatuuliza kama tumelala. Tangazo lilitaka, pamoja na mambo mengine, majina ya watu watatu wanaoijua kazi yake. Omari aliandika jina la mwalimu wake wa zamani, jina la Profesa, na jina la mhandisi mmoja mwanamke wa Mombasa aliyewahi kufanya naye kazi.

Tulipotoka nikamwambia, "Sasa tukawaambie."

Akanishika mkono. "Usinene. Hili halitoki kwetu wawili. Umemsahau Hamadi?"

Hamadi hakuna wa Gazi aliyemsahau. Alipata safari ya Arabuni, akachinja mbuzi, watu wakasoma dua, kina mama wakapiga vigelegele. Akaenda Mombasa kupanda ndege, akamkosa wakala, akarudi na sanduku lake na aibu yake. Miaka ikapita, na bado kila akipita barazani mtu humuuliza, "Hamadi, umerudi lini kutoka Arabuni?" Bi Mwanasha aliamini kuwa ni kijicho. Alimlea Omari kwa neno moja: kisichoiva hakitolewi jikoni. Ukiona heri inakuja, fumba mdomo mpaka uishike kwa mikono miwili. Hata mimba hatuitaji mapema, iweje kazi?

Sisemi neno lile ni la kijinga, mwanangu. Sisi wa pwani tumelelewa nalo na lina sababu zake. Macho ya watu ni makali, na furaha ya mtu haimfurahishi kila mtu. Basi Omari akasali istikhara, akamwomba Mola amchagulie lililo na heri, akatuma maombi, akafunga mdomo. Wale watatu aliowataja hawakuambiwa hata mmoja. Alisema, "Wakiulizwa watajibu. Kwani hawanijui?"

Ndipo ikaja siku ile ya tope.

Profesa alitufuata mikokoni, suruali ameikunja, viatu mkononi. Hakuwa na desturi ya kuja bila kutupasha habari. Omari akatoa salamu, Profesa akaitikia, halafu akasema, "Omari, kuna watu wameniandikia. Wanataka niwaambie wewe ni mtafiti wa aina gani."

Omari akautazama ubao, kisha akanitazama mimi, kama kwamba mmoja wetu ndiye aliyesema.

"Nilikuwa nimekusudia kukwambia, Profesa."

"Lini? Ukishafika huko?"

"Nilisema jambo liwe kwanza."

"Litakuwaje, na mimi ndiye wa kulifanya liwe?"

Kaa mmoja alitoka shimoni, akatutazama, akarudi. Nakumbuka nilitamani kumfuata.

"Umewajibu?" Omari akauliza.

"Niliwajibu siku hiyohiyo, nimekasirika. Nimesema uko kwangu, mkataba wako haujaisha, na sina habari kwamba unaondoka. Mstari mmoja."

"Basi hivyo tu, Profesa?"

"Ningeongeza nini? Ningejua unataka nini ningekaa chini siku nzima nikakuandikia kurasa. Hii kazi yako hakuna anayeijua kuliko mimi." Akahamisha viatu mkono wa pili. "Na kuna lingine, afadhali ulisikie kwangu. Nilikuwa nakuombea mkataba mwingine hapahapa. Nikaona unaenda, nikawaambia wakubwa wampe yule kijana wa pili niliye naye ofisini. Wamekubali juzi."

Hakuinua sauti hata mara moja. Aliponipita aliniambia pole, kisha akaondoka, akitafuta mahali pagumu pa kukanyaga.

Majibu ya ng'ambo yalikuja kabla mwezi haujaandama. Walishukuru, wakasema wamempata mwingine. Baadaye tulijua na habari za wale wawili waliobaki. Mwalimu wa zamani alikuwa amestaafu, yuko safarini, ujumbe haukumfikia mpaka mambo yamekwisha. Angeambiwa mapema angetoa anwani nyingine. Mhandisi wa Mombasa aliuona ujumbe wa watu asiowajua, wa nchi asiyoijua, akadhani ni matapeli wa mtandaoni, akaufuta. Aliposikia alilia kwenye simu. "Omari, ungenishtua tu. Neno moja."

Sasa sikiliza balaa lililofuata, maana ndilo linaloniuma mpaka leo. Bi Mwanasha hakukubali kwamba jambo limeharibika lenyewe. Kwake palikuwa na jicho la mtu. Na nani alijua? Akanigeukia miye.

"Weye peke yako ulikuwa naye Ukunda," akaniambia mbele ya wateja wake. "Umemwambia nani?"

"Wallahi, bibi, sikumwambia mtu."

"Basi umelitamani moyoni. Moyo nao una macho."

Nikamtazama Omari anitetee. Akainamia mihogo yake. Alikuwa mtu mwema, lakini siku ile alihitaji mtu wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu ni miye. Mtaa mzima ukaanza kunikwepa. Wenzangu wakanipachika jina, wakaniita Jicho. Nikienda kununua mkate muuzaji hufunika bakuli, ati utani. Ulikuwa utani, lakini bakuli lilifunikwa.

Aliyekata shauri alikuwa Maalim Shee, aliyesomesha chuo cha Kurani asubuhi na kuziba pancha za baiskeli jioni. Bi Mwanasha alimpeleka Omari akasomewe kuondoa kijicho, akaniburura na miye nikasemeshwe. Maalim alikuwa na gurudumu mapajani na karai la maji mbele yake. Alitusikiliza mpaka mwisho, Bi Mwanasha akisema na kurudia, na mikono yake haikuacha kazi.

"Omari," akasema, "katika dunia nzima, ni nani waliokuwa na uwezo wa kukupatia kazi hiyo kwa maneno yao?"

"Wale watatu, Maalim."

"Na nani hawakujua kwamba unaitaka?"

Omari akalitazama karai la maji. "Wale watatu."

"Basi kijicho kiliingilia wapi?" Akazamisha mpira kwenye maji, povu likatoka. "Umejifungia mlango kwa ndani, kisha unamlaumu jirani kwa nini hakuingia. Na huyu kijana mmemvika jina baya bure. Ulisali istikhara?"

"Nilisali."

"Vema. Umemtaka shauri Mola. Na hao aliokupa Mola wa kukusaidia, uliwataka shauri? Si umefanya nusu ya kazi tu? Wazee wamesema, mficha uchi hazai."

Bi Mwanasha akajifunika mdomo kwa leso. "Maalim, na vijana hawa wapo."

"Ndio wanaohitaji kulisikia, bibi. Wewe ulizaa kwa kujificha?" Watu waliokuwa barazani wakacheka, na Bi Mwanasha mwenyewe mabega yakamtikisika. Maalim akaendelea, polepole, "Siri ni nzuri. Mwenye baiskeli mbovu hana haja ya kuutangazia mtaa. Lakini ukimficha fundi tobo, utaisukuma mpaka Msambweni kwa miguu."

Kisha akamwambia Omari aniombe radhi palepale, kabla ya gurudumu kurudi mahali pake. Akaniomba. Bi Mwanasha hakuniomba kwa maneno, bali jioni ile alinipa kichwa cha samaki, na wewe wajua Gazi kichwa cha samaki hapewi mtu anayechukiwa.

Omari hakupata kazi kwa kusomewa. Mkataba ulikwisha, yule kijana wa pili akashika mahali pake. Alikwenda kufundisha hisabati kwa vipindi katika shule moja ya Kikoneni, huku wazee wa Msambweni wakizidi kuuliza. Lakini alifanya jambo ambalo lilikuwa gumu kwake kuliko uzamivu. Alimwendea Profesa akamwomba radhi, bila kusingizia mtu. Profesa hakumkunjulia uso mara moja. Alimpa chai, wakazungumza habari za mvua. Alimwendea tena, wakazungumza mikoko. Tangazo jingine lilipotokea, ni Profesa aliyemtumia. Safari hiyo Omari aliwapigia simu wote watatu kabla hajaandika herufi, akawaeleza anataka nini na kwa nini, akawauliza wanaonaje. Yule mhandisi alimwambia ukweli kwamba sehemu moja ya maelezo yake ni dhaifu, akairekebisha. Na shangazi yake alimwambia pia. Bi Mwanasha akahofia kijicho, lakini alimwombea dua kila alfajiri kwa kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake, si kwa mafumbo.

Akaipata. Akaoa, akaondoka na mkewe. Nami baada yake sikuona tena sababu ya kushika ubao, nikaanza hizi tembea zangu ambazo mama yako huziita ugonjwa. Bi Mwanasha na Maalim Shee wote wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Nikipita Gazi siku hizi naona vijana wa kike na wa kiume wakipanda miche ya mikoko na kupima hiki na kile, nasimama kidogo kuwatazama, kisha naondoka kabla hawajaniuliza natafuta nini. Ningewajibu nini?

Sasa nirudi kwako. Jumapili hukunitajia kijicho. Wewe umesoma, huenda hukiamini. Ulisema tu watu watasikia jambo likishakuwa. Najua ulichomaanisha, hutaki kuulizwa. Mwaka juzi ulipoisubiri ile kazi nyingine, mama yako aliisema, na ilipokosekana kila harusi ilikuwa ni "Mwanamisi, ile kazi vipi?" Ukaanza kukaa jikoni na wapishi ili usikutane na watu. Nilikuona, mwanangu. Maswali yale yalikuchoma kuliko kukosa kwenyewe. Kwa hiyo safari hii umeamua kwamba ukikosa, ukose peke yako.

Lakini anayejiandaa kukosa peke yake hujikuta anatafuta peke yake pia, na kazi hii yenu haitafutwi hivyo. Huko mbali hawakujui. Hawajawahi kuonja maji uliyoyasafisha. Watakachokuwa nacho ni karatasi zako na maneno ya watu waliokuona ukifanya kazi. Mwalimu wako ana wanafunzi wengi na shughuli nyingi. Akiulizwa ghafla atasema wewe ni mwanafunzi mzuri, na wazuri huko watakuwa wamejaa tele. Akijua mapema atakumbuka ile miezi ulipokesha na mtambo ulioharibika, na atayasema ambayo wewe kwa adabu yako huwezi kujisemea.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla hujatuma, mpigie mwalimu wako. Usimwandikie tu, mpigie akusikie. Mwambie ni nafasi gani, wanataka nini, mwisho lini, na umwulize kwa haki kabisa kama yuko tayari kukushuhudia. Akisita, mshukuru utafute mwingine, kwani kusita kwake leo ni nafuu kuliko mstari wake mmoja kesho. Wengine uliowaandika nao vilevile. Na unapofanya kazi kwa sasa, mwambie mkubwa wako wewe mwenyewe, asiipate habari kwa wageni. Aliyeambiwa mapema anaweza kukuaga kwa mkono mweupe, hata kukutafutia pengine.

Majirani waache. Wa harusini waache. Siri ina wa kufichwa, nao ni wale ambao jambo haliwahusu. Ila mama yako si jirani. Mwambie, na umwombe asiseme. Safari iliyopita hakuna aliyemwomba. Huenda ataropoka kidogo, ni mama. Ukikosa, atakuuliza, na swali lake litauma. Livumilie. Aliyekuombea ana haki ya kuuliza.

Na ukiipata, usiondoke bila kupita nyumba kwa nyumba kuaga na kuomba radhi kama tulivyofunzwa, hata kwa yule aliyekuudhi. Miye nimetembea sana, najua kwamba njia ni nyepesi kwa aliyeaga.

Mwenyezi Mungu akufungulie lenye heri nawe, akuepushe na lisilo na heri hata likikupendeza. Akupe wakubwa waadilifu na wenzio wenye huruma, akulinde ugenini, akurudishe kwetu na afya yako na dini yako. Na popote jina lako litakaposomwa mbele ya watu usiowajua, alijaalie mtu wa kusimama na kusema, huyu namjua. Amina.